Nimesahau miwani

Kuna sentensi moja nimeisikia pale kaunta kuliko hata "bei ya mwisho ngapi", nayo ni hii: nimesahau miwani, hebu nisomee hapo. Wanaisema wazee, wanaisema kina mama watu wazima, na kuna siku kaisema kaka mmoja ambaye kwa kumkadiria hata miaka thelathini na tano hajafika. Miezi yangu ya kwanza nilikuwa naichukua kama ilivyo, yaani mtu kasahau miwani nyumbani basi, nasoma karatasi yake, namtolea vitabu, haya anayefuata.

Niseme kwanza mi nafanya nini pale. Nilianza Desemba 2022 nikiwa mwaka wa kwanza Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, shangazi ndo alinitafutia, kuna mama anamfahamu ana duka la vitabu na stationari huku mjini Posta na alitaka binti wa kumsaidia Jumamosi na siku ambazo sina vipindi. Jina la duka naliacha. Nalipwa kwa siku, napewa na nauli, natoka Kimara na mwendokasi asubuhi na mapema na saa mbili na nusu tunafungua. Tunamwita Mama tu, wafanyakazi wote na hata wateja wa siku nyingi. Mi nilienda nikiwaza vitabu, nilijiona nimekaa kwenye stuli nasoma huku mteja mmojammoja anaingia, maana toka niko mdogo kitabu kikiwa karibu yangu siwezi kukiacha. Sasa kumbe ile kazi vitabu ni sehemu ndogo sana, kazi yenyewe ni watu.

Na watu wenyewe uwaone Januari. Kama hujawahi kuingia duka la vitabu Dar wiki ya kwanza ya kufungua shule naomba nikueleze. Mlango haujafunguliwa nje wapo kumi na tano. Kila mmoja ana karatasi, nyingine zimechapwa vizuri na mhuri wa shule juu, nyingine mwalimu kaandika kwa mkono haraka haraka mtoto akanakili ubaoni afu mama akapiga picha kwa simu, kwa hiyo unachosoma wewe ni nakala ya nakala na imepigwa gizani. Kaunta buku kwaya tatu nane, kwaya mbili nne, mkebe, rimu moja, kava za nailoni, kiada, ziada, atlasi, kamusi. Mtoto amesimama pembeni anataka daftari lenye picha ya mpira, mama anataka lile la bei ndogo, baba yuko kwenye simu anauliza jumla imefika ngapi na hela anaituma kwa lipa namba kutoka huko aliko na mtandao unasumbua. Na nyuma kuna mtu anasema dada mi nataka peni moja tu, kwa nini nipange foleni.

Katika hali hiyo mtu akikwambia nimesahau miwani unamsomea haraka ili aondoke. Sasa Januari 2023, mwezi wangu wa pili tu, aliingia mzee mmoja, amenyooka, shati limepigwa pasi, karatasi kaikunja mara nne. Alisubiri foleni bila kulalamika, akafika, akanipa karatasi, mwanangu nimesahau miwani nyumbani, nisomee nione kama vyote mnavyo. Na mimi nikamwona miwani iko mfuko wa shati, mkono mmoja wa miwani umetokeza nje kabisa. Nikasema kwa sauti ya kawaida yangu ya pale kaunta ambayo ni kubwa kwa sababu ya kelele, babu si hiyo hapo mfukoni! Nilidhani namsaidia. Mtu unatafuta kitu kumbe umekishika, si unashukuru ukiambiwa?

Hakushukuru. Alicheka kidogo, akaitoa, akaivaa, akaiangalia ile karatasi muda mrefu, macho yametulia sehemu moja tu hayatembei. Watu nyuma kimya. Afu akaikunja tena mara nne akasema ngoja nirudi nyumbani nimuulize mtoto vizuri. Akatoka, na hajarudi. Najua hajarudi kwa sababu Januari yote ile nilikuwa naangalia mlangoni.

Mama alikuwa kwenye droo ya hela kasikia kila kitu. Hakunigombeza mbele za watu, alisubiri mchana tunakula wali maharage nyuma ya duka akasema hivi, na nimeyashika mpaka leo: "Mteja akikwambia kasahau miwani, basi miwani imesahaulika. Hata kama ameivaa."

Nililia kiukweli. Kilichonichoma zaidi ni kwamba mi nina bibi Newala, mzaa mama, ambaye kusoma alijifunza mtu mzima. Mwalimu Nyerere alivyoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima na kampeni za kisomo zikaja miaka iliyofuata, bibi alikwenda, darasa liko chini ya mkorosho, mama yangu mkubwa kambeba mgongoni, na hadithi hiyo tumeisikia mpaka tumeikariri. Anasema siku aliyoandika jina lake alilifuta akaliandika tena mara nyingi mpaka chaki ikaisha. Na anasema pia kuna wenzake, hasa wanaume, hawakwenda, sio kwamba hawakutaka, waliona aibu kukaa na wake zao na wakwe zao wakakosea mbele yao. Sasa mimi mjukuu wa huyo bibi nimesimama kaunta nimemfanyia mtu mzima kile kitu alichokikimbia miaka yote hiyo. Mbele ya foleni ya watu kumi na tano!

Baada ya hapo nikabadilika, sio siku moja lakini nikabadilika. Kitu cha kwanza niliacha kusubiri mtu aniombe. Akinipa karatasi, yeyote yule, hata ukiwa mhadhiri wa chuo, naisoma yote kwa sauti ya chini kama vile najisomea mwenyewe, kaunta buku nane, mkebe mmoja, kiswahili kitabu cha mwanafunzi kidato cha pili, ni hivyo eeh mama? Anayejua kusoma anaona namhakikishia, asiyejua anasikia kila kitu na hajaulizwa chochote. Na bei naitaja kwa mdomo hata kama imebandikwa. Ni kitu kidogo sana hiki lakini hakuna aliyenifundisha, na duka zima lilikuwa halifanyi.

Halafu ikaja Januari 2024 na mtaala mpya, na hapo ndo nikagundua hata wanaosoma vizuri wanaingia dukani na ile ile hofu ya kuonekana hawajui. Mtaala ulianza na madarasa machache, darasa la kwanza na la tatu kwa huku msingi, kwa hiyo mzazi mwenye watoto wawili, mmoja la tatu mmoja la nne, anahitaji mambo mawili tofauti kabisa na hajui. Anakuja anaomba Maarifa ya Jamii darasa la tatu kwa sababu mkubwa wake alisoma hiyo. Unamwambia mama siku hizi darasa la tatu kuna Jiografia na Mazingira, kuna Historia ya Tanzania na Maadili, anakuangalia kama unataka kumuuzia vitabu viwili badala ya kimoja. Na mimi namwelewa! Mjini hapa ukizubaa unauziwa. Kuna mama mmoja alikuwa amekuja na vitabu vya mwanae mkubwa ndani ya mfuko, kavitunza vizuri, kavikava upya, anataka tu kununua vilivyopungua, ilibidi nimwambie mama yangu hivi havitatumika. Alivitoa kimoja kimoja akaviweka kaunta. Na hiki? Na hiki? Nikawa natikisa kichwa tu. Kuna mteja anayekutukana na unamsahau jioni hiyo hiyo, huyu hakunitukana na namkumbuka mpaka kitambaa alichojifunga.

Kwa wazazi wa namna hiyo kuna jambo nawaambia ambalo mwanzoni niliogopa Mama angenifukuza: vitabu vya TET, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania, vipo kwenye maktaba mtandao yao, unafungua kwa simu unasoma bila kulipia kitabu, kwa hiyo kama hela haitoshi anza na vile ambavyo mtoto lazima awe navyo mkononi, vingine mwangalie kwenye simu mpaka mwezi ujao. Ndiyo, bando nalo ni hela, najua. Mama aliposikia hakusema kitu. Ila wale wazazi ndo hao hao wanarudi mwezi unaofuata, na wanakuja na jirani.

Sasa nieleze kuhusu babu wa Takadini, maana ndo sababu nimeamua kuandika.

Ilikuwa Machi mwaka huo huo, siku ya kazi, mchana mvua imenyesha, dukani hamna mtu, nipo mimi na Mama anapiga hesabu. Akaingia babu mmoja kavaa baraghashia, viatu kavivua mlangoni nikamwambia babu ingia navyo tu, akakataa, akaingia peku.

Shikamoo babu.
Marahaba mwanangu, hamjambo? Vitabu vya dini mnauza?
Vipo babu, nikampeleka rafu ya nyuma, juzuu zile, vitabu vya sala, vya kujifunza Kurani. Akaangalia akasema hapana, hiki ni cha shule. Nikasema aah, Elimu ya Dini ya Kiislamu, kidato cha ngapi? Cha tatu, lakini sio hiyo, hiyo anayo. Nikauliza babu mjukuu alikwambiaje, hebu sema vile vile alivyosema yeye. Akafikiri. Akasema, alisema taka dini.

Nikaelewa hapo hapo na nilishukuru sana kwamba sikucheka, kwa sababu hata yeye alikuwa hajafanya kosa lolote, alilisikia jina akalishika njia nzima kutoka Kunduchi. Akatoa karatasi ndani ya kava la simu, mwanangu nimesahau miwani hebu hakikisha. Miwani ilikuwa inaning'inia shingoni kwa kamba.

Nikaisoma kwa sauti. Takadini, na chini yake Watoto wa Mama N'tilie. Vitabu viwili babu, vyote vipo, ni vya fasihi.

Nilipovileta alikishika Takadini akakigeuza, akaangalia picha ya jalada, akauliza, kinasema nini hiki? Na mimi nikamweleza pale pale tumesimama. Kuna mama anaitwa Sekai, ameolewa miaka mingi hajapata mtoto, wake wenzake wanazaa yeye hazai, mwisho Mungu kamjalia, mtoto kuzaliwa ana ualbino, na mila ya kwao mtoto wa hivyo haachwi hai. Basi yule mama akambeba mwanae akatoroka akaenda kijiji cha mbali wakapokelewa na mzee mmoja. Ni hadithi ya Zimbabwe, na jina la mtoto kwa kishona ni kama kuuliza, sisi tumefanya nini.

Babu akanyamaza. Akasema, haya hata kwetu yametokea. Nikasema ndiyo babu. Afu akasema, soma kidogo.

Nikamvutia stuli yangu akakaa, nikamsomea. Ukurasa wa kwanza, wa pili, nadhani nilifika wa tano. Mama aliacha kupiga hesabu. Mvua ilikuwa inarudi tena nje na hakuna mtu aliyeingia. Kila nikimaliza aya babu anasema mmh, kama mtu anayehadithiwa habari za ndugu yake. Nilivyosimama kupumua akauliza, sasa huyu mama mumewe yuko wapi wakati wote huu? Na ndo swali lenyewe ambalo tulikuwa tunaulizwa kwenye mtihani, eleza nafasi ya mwanamume katika jamii, toa hoja tatu.

Akalipa, noti amezikunja kwenye kitambaa. Nikamwambia babu, fasihi mwanafunzi akisoma kwa sauti inamkaa kichwani kuliko kusoma kimoyomoyo, kwa hiyo jioni mwambie mjukuu awe anakusomea wewe, kurasa kumi kumi, na wewe umuulize maswali kama hilo uliloniuliza mimi, itamsaidia sana. Na sikumdanganya, ni kweli inasaidia, mi mwenyewe nilifaulu fasihi hivyo, dada yangu akiosha vyombo mi namsomea. Akaniangalia. Akasema, kumi kumi? Nikasema hata tano babu. Akasema haya, tano.

Hiyo ndo siku niliyoipenda kuliko zote pale dukani.

Wengine niwapitie haraka. Wanaoomba punguzo siwalaumu, ukitoka Kariakoo umezoea bei kuizungumza, vitabu bei yake haina mchezo mkubwa lakini Mama alinifundisha usiseme haipungui ukanyamaza, sema bei ni hiyo mama yangu ila madaftari nakukavia bure, na mtu anaondoka ameridhika. Wanaotuma picha WhatsApp usiku wa manane, "hiki mnacho?", picha haionekani, nawajibu asubuhi kwa heshima. Wanaonunulia ofisi au shule wakitaka risiti iandikwe zaidi ya walicholipa, hao nawakatalia na sijuti, kuna mmoja aliniambia wewe binti huijui dunia, risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, nikaitoa ya hela aliyolipa akaichukua akaondoka. Na waje wakasirike tu.

Ila wanaosoma wamesimama nataka niwatetee. Kuna maduka wanawafukuza, eti hapa sio maktaba. Mimi nasema mwache asome. Anayepiga picha kurasa moja moja kwa simu huyo namzuia, namwambia taratibu kaka hapo unamnyima mwandishi, kwa sababu kweli mwandishi wa Kiswahili anachopata ni kidogo na hicho kidogo tukikimalizia kwenye simu nani ataandika tena. Lakini wa kusoma kwa macho hapana. Tulikuwa na mwanafunzi mmoja, sare ya sekondari, anakuja Jumamosi baada ya tuisheni, anachukua Peponi, ile tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobel. Anasoma kasimama kwenye kona ya feni, afu anakirudisha na kuweka tiketi ya mwendokasi ndani kama alama. Nilikuwa nakisogeza nyuma ya vingine ili kisionekane. Tulikuwa na nakala moja tu. Siku moja siko zamu kikauzwa, na tiketi yake ndani. Jumamosi akaja akatafuta, akatafuta rafu ya juu, ya chini, hakuniuliza kwa sababu nadhani aliona hana haki ya kuuliza. Mimi ndo nikamfuata nikamwambia kimeuzwa mdogo wangu, tumeagiza kingine, kikija nitakuwekea. Akasema asante dada. Kilikuja wiki tatu baadaye na nikaweka tiketi yangu mimi ukurasa ambao nilikadiria alikuwa amefika. Alikuja, akakifungua, akarudi nyuma kurasa kama nane hivi, akaendelea.

Mwezi uliopita Mama kaleta kijana mpya, amemaliza kidato cha sita anasubiri chuo, mchapakazi, mwepesi, hesabu anapiga kichwani kuliko mashine. Jumamosi iliyopita nipo juu ya ngazi napanga kamusi nikamsikia anamwambia mama mmoja, sauti ile ya kaunta, "mama si imeandikwa hapo kwenye karatasi?" Mama wa watu kashika ile karatasi kwa mikono miwili. Nyuma yake watu wanne.

Nilishuka ile ngazi na kamusi mkononi. Nikasema shikamoo mama, samahani, hebu niione, maandishi ya walimu wa siku hizi hata sisi yanatushinda. Nikaisoma yote, polepole, kaunta buku sita, kalamu za rangi, hesabu darasa la nne. Kijana akawa anatoa vitu nikivitaja. Mama akatoka na mfuko wake. Mchana nikamwambia kijana njoo tule, nikamsogezea stuli.